Kupima Kama Mgonjwa Aliyelazwa Anaweza Kutembea Mwenyewe: Mwongozo wa Wodini

Kila kundi jipya la wanafunzi na wauguzi linapoingia wodini, maswali yanayoletwa kwetu watu wa fiziotherapia huwa yaleyale. Huyu aachwe aende chooni mwenyewe? Anayetembea kwa fimbo anahesabiwa kuwa anajitegemea? Jana alitembea vizuri, mbona leo mmeandika asitoke kitandani bila mtu? Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa mgonjwa mtu mzima aliyelazwa katika wodi ya kawaida, iwe ya magonjwa ya ndani, ya upasuaji, ya mifupa au ya wazazi. Hauhusu watoto wala wagonjwa walio mahututi.

Kwanza tuelewane juu ya kinachopimwa. Mgonjwa anatembea mwenyewe ikiwa anaondoka alipo, anafika anakokwenda na kurudi salama bila kuhitaji mkono wa mtu, jicho la mtu wala neno la mtu. Ukilazimika kumwambia "polepole, mzee" au "inua mguu", bado hajitegemei, hata kama hukumgusa kwa kidole. Fimbo, magongo au woka (fremu ya kutembelea) havimwondolei sifa hiyo, mradi anavifikia na kuvitumia bila kukumbushwa. Sehemu kubwa ya makosa yanayoonekana kwenye mafaili inatokana na kumhesabu mgonjwa anayehitaji kuelekezwa kuwa yuko sawa na yule asiyehitaji chochote.

Vitu vya kuandaa

- Faili la mgonjwa na karatasi ya dawa zake.
- Mashine ya presha, kipimo cha oksijeni cha kidoleni na saa inayoonyesha sekunde. Ya simu inatosha.
- Kiti imara chenye mikono, kisicho na magurudumu, ambacho kikalio chake kiko sentimita 46 hivi kutoka sakafuni. Viti vyepesi vya plastiki havifai, kwa sababu huteleza au kupinduka mgonjwa anapousukuma mkono mmoja ili ainuke.
- Futikamba na plasta ya kubandika sakafuni, mita 3 kutoka kwenye kiti.
- Viatu vinavyoshika mguu kwa nyuma. Kama mgonjwa ana ndala tu, pima kwa ndala hizo, kwa kuwa ndizo atakazovaa saa 8 usiku, kisha uandike kwamba alivaa ndala. Usimpime akiwa na soksi peke yake.
- Kifaa chake mwenyewe cha kutembelea, kilichorekebishwa kwa kimo chake: akisimama wima mikono ikining'inia, mshikio wa fimbo ufike kwenye mkunjo wa kiganja. Fimbo iliyoazimwa kitanda cha jirani hutoa matokeo ya mtu mwingine.
- Mkanda mpana wa kumfunga kiunoni, ili uwe na mahali pa kushika.
- Msaidizi mmoja, hasa mgonjwa anaposimama kwa mara ya kwanza tangu alazwe.

Hatua za kufuata

1. Soma faili kabla hujafika kitandani. Kwa mgonjwa wa mfupa, tafuta agizo la daktari: aukanyagie mguu uzito wote, sehemu ya uzito, au asiukanyagie kabisa? Kama agizo halipo, usimsimamishe hadi lipatikane. Angalia dawa alizopewa na saa alizopewa. Diazepam, morphine na tramadol hulegeza na kusinzisha. Dawa za presha huweza kumwangusha anaposimama ghafla. Na Lasix, dawa ya kuongeza mkojo, humkimbiza chooni mgonjwa ambaye kwa kawaida angetembea taratibu. Kisha angalia vipimo vya leo. Mapigo ya moyo yakizidi 120 kwa dakika akiwa amepumzika, au presha ikizidi 180 kwa namba ya juu au 100 kwa namba ya chini, zungumza na daktari kwanza. Viwango hivyo hutumika katika kipimo cha kutembea kwa dakika 6, na ni busara kuviheshimu hapa pia. Maumivu ya kifua, kupumua kwa shida akiwa amelala, au mguu mmoja uliovimba ghafla na kuuma kwenye shavu la mguu ni sababu za kuahirisha na kutoa taarifa mara moja.

2. Msalimie, muulize, lakini usiliandike jibu lake kama matokeo. Mwamkie anavyostahili, mweleze unachotaka kufanya na umwombe ridhaa. Muulize alikuwa anatembeaje kabla ya kuugua, kama ameanguka katika mwaka uliopita, na choo cha nyumbani kwake kikoje. Ukimuuliza mzee kama anaweza kutembea, mara nyingi atakujibu "natembea vizuri tu, mwanangu", kwa sababu hataki kukusumbua au anataka aruhusiwe arudi kwake. Swali lilelile mwulize ndugu anayemuuguza, pembeni. Halafu mpe mgonjwa agizo lenye sehemu mbili, kwa mfano aguse pua kisha akunyooshee mkono wa kushoto. Asiyeweza kulifuata hataweza kukumbuka kwamba asishuke kitandani peke yake, na jambo hilo lina uzito kuliko nguvu za miguu yake.

3. Mpime akiwa bado amelala. Chukua presha baada ya kulala tuli kwa dakika 5, uiandike. Mwambie ainue mguu mmoja ulionyooka na kuushikilia hewani, kisha wa pili. Mwambie avute vidole vya miguu kuelekea usoni. Mguu usioweza kuvuta vidole juu utaburuza ncha ya kiatu na kumkwaza. Mguse nyayo kwa kidole akiwa amefumba macho, hasa kama ana kisukari. Asiyehisi sakafu hulazimika kuitazama, na gizani hana cha kukitazama.

Mama aliyejifungua kwa upasuaji chini ya ganzi ya mgongoni anahitaji uangalifu wa pekee hapa. Vidole vya miguu huweza kurudi kucheza wakati paja bado halina nguvu, na yeye mwenyewe huona amepona kwa kuwa anaviona vikicheza. Asisimame kabla hajaweza kuinua kila mguu ukiwa umenyooka, kukunja na kunyoosha magoti kwa nguvu na kuhisi mguso sawasawa pande zote mbili. Safari yake ya kwanza iwe na mtu pembeni hata akifaulu yote hayo, kwa sababu ya damu aliyopoteza.

4. Mketishe ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja au mbili. Kitanda kishushwe hadi nyayo zote mbili zikae sakafuni. Kama hakishuki, weka kibao cha kukanyagia kisichoteleza. Asiegemee na asijishike. Mpe mkono umsalimie ukiwa upande wa pili wa mwili wake, ili avuke katikati ya kifua chake kukufikia. Akielemea upande mmoja, akijishika godoro au akisema macho yanafanya giza, usiendelee na kusimama. Akiwa bado ameketi, anyooshe goti moja moja na kuupiga mguu juu na chini kwenye kifundo mara chache.

5. Asimame kwa nguvu zake. Simama upande wake dhaifu, nyuma kidogo, mkono wako ukiwa karibu na mkanda bila kuuvuta. Usimshike kwapani wala usimvute mkono. Kwa mgonjwa wa kiharusi bega la upande uliopooza huweza kuteguka kwa kuvutwa hivyo, tena ukimvuta hutajua kama angeinuka mwenyewe. Akishasimama, pima presha katika dakika ya kwanza na ya tatu. Ikishuka kwa 20 au zaidi kwenye namba ya juu, au 10 au zaidi kwenye namba ya chini, mrudishe aketi na umjulishe daktari, hata kama anasema hajisikii vibaya. Ikiwa presha iko sawa, apige hatua papo hapo, akiinua mguu mmoja baada ya mwingine. Goti likilegea hapa, litalegea pia kwenye korido, ila hapa angalau kitanda kiko nyuma yake.

6. Atembee mita 3. Kipimo hiki kinajulikana kwa herufi TUG (Timed Up and Go, yaani kuinuka na kutembea kwa kuhesabiwa muda). Podsiadlo na Richardson wa Kanada walikichapisha mwaka 1991, na hadi leo ni vigumu kupata kingine chepesi zaidi. Mgonjwa aketi akiegemea kiti. Ukisema "haya", ainuke, atembee kwa mwendo wake wa kawaida hadi kwenye plasta, ageuke, arudi na kuketi. Saa ianze kwenye neno "haya" na isimame makalio yanapogusa kiti. Mwache ajaribu mara moja kabla hujahesabu. Mzee anayetumia sekunde 12 au zaidi yumo katika hatari ya kuanguka. Katika kazi ya mwaka 1991, waliozidi sekunde 30 walikuwa wakihitaji msaada katika shughuli nyingi za kila siku.

Hata hivyo usiziachie sekunde zitoe hukumu. Mgonjwa aliyegongwa kichwani anaweza kumaliza kwa sekunde 9 kwa kukimbilia kiti na kujitupa, na huyo ni hatari kuliko bibi anayetumia sekunde 18 akiwa makini kwa kila hatua. Tazama namna anavyogeuka. Anayegeuka salama hupiga hatua chache zinazofuatana. Mwenye tatizo hukanyagakanyaga mahali pamoja, ndala moja inabaki nyuma, na mkono unaanza kutafuta kingo ya kitanda kilicho karibu. Tazama pia anavyoketi: anahisi kiti kwa nyuma ya miguu kabla ya kushuka, au anajiangusha? Akiwa katikati ya safari muulize jambo rahisi, kama vile idadi ya watoto wake. Akisimama kabisa ili akujibu, kutembea kwake bado kunamtaka akili yote, na wodini hakuna safari isiyo na mtu wa kumsemesha.

7. Atembee njia yake halisi, mpaka chooni. Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye jibu. Korido ni pana, tambarare na yenye mwanga. Chooni kuna kizingiti, sakafu yenye maji na mlango unaofunguka kumwelekea. Mwache aufungue mlango mwenyewe. Kama choo ni cha kuchuchumaa, hakikisha anaweza kuchuchumaa na kuinuka bila kushika bomba la maji, ambalo halikufungwa ukutani kubeba uzito wa mtu. Halafu kuna nguo. Mama aliyetembea vizuri kwa fimbo njia nzima hulazimika kuiegemeza ukutani ili afunge kanga kwa mikono miwili, naye kwa sekunde hizo anasimama bila kifaa chochote, akiwa ameinamisha kichwa, juu ya sakafu yenye maji. Asipoweza kusimama hivyo, hawezi kwenda chooni mwenyewe, hata kama mita 3 alizimaliza vizuri. Kwa mgonjwa wa kiharusi angalia pia kama anapamiza bega au kifaa kwenye fremu ya mlango upande mmoja kila mara. Huenda miguu iko sawa, ila upande ule haupo katika fikira zake.

Tahadhari: stendi ya dripu si kifaa cha kutembelea. Mgonjwa anayeiegemea apimwe baada ya dripu kufungwa kwa muda, ikiwa inaruhusiwa, au apewe kifaa kinachofaa. Mfuko wa mpira wa mkojo ubebwe chini ya usawa wa kibofu, na mpira wenyewe usipite mbele ya miguu.

8. Mpandishe ngazi kama atahitaji ngazi. Wengi huhitaji, hata kama ni vidato viwili vya barazani kwao. Akipanda, mguu mzima hutangulia. Akishuka, mguu mgonjwa na fimbo hutangulia. Fimbo hushikwa mkono ulio kinyume na mguu mgonjwa. Wewe kaa chini yake kila wakati: nyuma yake anapopanda, mbele yake anaposhuka. Mwenye kuishi katika nyumba isiyo na ngazi apimwe nje, kwenye kokoto au mchanga wa uani.

9. Rudia wakati mbaya. Asubuhi baada ya chai ni wakati wake mzuri kuliko yote. Pima tena jioni, au saa moja hivi baada ya dawa ya maumivu, kabla hujamruhusu kutembea usiku bila mtu. Kama zamu haikuruhusu, andika wazi kwamba amepimwa mchana tu na usiku aitishe msaada.

10. Toa daraja na uandike. Kipimo cha FAC (Functional Ambulation Categories, yaani madaraja ya uwezo wa kutembea), kilichochapishwa na Maureen Holden na wenzake mwaka 1984, kina madaraja 6 na kinaeleweka na kila mtu wodini:

- 0: hatembei, au anahitaji watu wawili.
- 1: mtu mmoja lazima amshike muda wote na kumsaidia kubeba uzito wake.
- 2: anahitaji mguso mwepesi, wa muda wote au wa mara kwa mara, ili asiyumbe.
- 3: haguswi, lakini lazima mtu awe karibu kumwangalia au kumwelekeza.
- 4: anatembea mwenyewe kwenye sakafu tambarare, lakini kwenye ngazi, mteremko au ardhi isiyo sawa anahitaji msaada.
- 5: anatembea mwenyewe popote.

Namba peke yake haitoshi. Andika saa, umbali, kifaa, viatu na kilichotokea, kwa mfano: "Saa 4 asubuhi. Kitandani hadi chooni na kurudi, mita 20 hivi, kwa fimbo mkono wa kulia, amevaa ndala. Hakuguswa. Ameelekezwa mara mbili wakati wa kugeuka. FAC 3. Asiende chooni bila mtu. Apimwe tena kesho." Maneno kama "anatembea" au "anatembea kwa msaada kidogo" hayamwambii muuguzi wa zamu ya usiku afanye nini. Faili likiandikwa kwa Kiingereza, uamuzi wenyewe bado uelezwe kwa mgonjwa na ndugu yake kwa lugha wanayoielewa, kwa kuwa wao ndio watakaoutekeleza wakati wewe haupo.

Ukisita kati ya daraja la 3 na la 4, andika la 3. Kumsindikiza kwa siku moja zaidi mtu asiyehitaji kusindikizwa kunagharimu dakika chache. Nyonga iliyovunjika kwa mzee hugharimu upasuaji, na wengine hawarudi tena kutembea.

Mambo yakienda kombo

*Anapata kizunguzungu mara tu anaposimama.* Mketishe, na kama hakiishi mlaze na kuinua miguu. Pima presha na, hasa kwa mwenye kisukari, sukari. Muulize alikula lini. Kwa aliyetoka kujifungua au kufanyiwa upasuaji, kagua kama anatoka damu kabla ya kudhani ni njaa.

*Anaanza kuanguka mikononi mwako.* Usimng'ang'anie ili abaki wima. Mtaanguka wote, nawe utaumia mgongo. Shika mkanda, mvute karibu na mwili wako, tanguliza mguu mmoja na umteremshe taratibu juu ya paja lako hadi sakafuni, ukikilinda kichwa chake. Usimnyanyue mara moja. Kagua fahamu, kichwa, nyonga na vifundo, mwite daktari, ndipo mmwinue mkiwa watu wa kutosha. Tukio liandikwe hata kama hakuumia.

*Anakataa kusimama.* Tafuta sababu kabla ya kuandika kwamba hataki. Mara nyingi ni maumivu, na kipimo hufanyika vizuri baada ya dawa kuanza kazi. Wakati mwingine ni hofu ya kuanguka tena, na wakati mwingine ni haya: gauni la wodi liko wazi nyuma, na baba mkwe wa mgonjwa wa kitanda cha pili ameketi pale. Mpe kanga ya pili kwanza.

*Ndugu haachi kumshika.* Mkono wa binti kwenye kiwiko unaonekana kama upendo mtupu, kumbe unabeba uzito. Mwombe kwa heshima atangulie na kumsubiri mgonjwa mlangoni, ili awe na kazi, nawe upate nafasi ya kuona.

*Wodi imejaa na hakuna mita 3 zilizo wazi.* Tumia korido au baraza, lakini si mara tu baada ya sakafu kupigwa deki. Kama hakuna nafasi kabisa, acha TUG na utumie safari ya chooni pamoja na madaraja ya FAC. Hayo hayahitaji futikamba.

*Wewe umeandika 4, mwenzako wa usiku ameandika 2.* Huenda wote mko sahihi. Linganisheni saa, dawa, mwanga na viatu kabla ya kubishana, na hadi tofauti hiyo ieleweke mgonjwa ahudumiwe kwa daraja la chini.

*Alikuwa anajitegemea, leo ameshuka ghafla.* Hiyo si kazi ya kumpa woka. Udhaifu mpya wa upande mmoja, kuchanganyikiwa, homa, kukosa pumzi au kushindwa kuzuia mkojo akiwa na maumivu ya mgongo ni dalili za kumwita daktari saa hiyohiyo, na kipimo cha kutembea kisubiri.